Baiskeli ya babu haiuzwi kwa kilo

Shilingi 735. Hiyo ndiyo bei ambayo baiskeli ya babu yangu ilipewa mwaka jana hapa kwetu Mghange, na kijana mmoja wa vyuma chakavu aliyepanda mlima na pikipiki, magunia matatu na mizani ya kuning'iniza. Kilo 21 mara shilingi 35. Alipiga hesabu kwenye simu, akamwonyesha baba mdogo, baba mdogo akasema sawa, chukua.

Mimi nilikuwa jikoni na nyanya tukiponda kimanga. Nilitoka na mwiko mkononi nikasema hiyo baiskeli haiendi popote. Nikaulizwa ni ya nani. Nikasema ni yangu. Uongo mtupu. Sikuwa nimeigusa tangu nikiwa darasa la tatu, siku ile nilijaribu kuipanda ikaniangukia mguuni.

"Yako kivipi?" baba mdogo akauliza. "Wewe ni msichana. Kesho utaolewa, hiyo baiskeli utaenda nayo wapi?"

Aliyemaliza kesi ni nyanya. Alisema kutoka mlangoni, bila hata kupandisha sauti: "Mwachie. Angalau apate cha kufanya."

Nilishinda, lakini maneno hayo yalinichoma kuliko ya baba mdogo. Miezi mitano kabla ya hapo nilikuwa nimeacha chuo kule Mombasa nikiwa mwaka wa pili. Karo ilinishinda, deni likafika elfu 38, jina langu likakosekana kwenye orodha ya watakaofanya mtihani. Nikafungasha. Nilirudi na begi moja, simu yenye kioo kilichopasuka, na blogu ambayo wasomaji wake ningeweza kuwaalika chai wote na vikombe vikatosha. Ukirudi kijijini hivyo unapewa cheo: "yule aliyerudi." Hukatazwi chakula, hufukuzwi, ila kila mtu akikuona asubuhi anakuuliza kama umeamka, kana kwamba kuamka ndiyo kazi yako.

Kwa hivyo makala haya ni ya waliorudi, na ya yeyote ambaye kwao kuna baiskeli kuukuu imeegemea ukuta wa stoo, kuku wanalala juu yake. Msimamo wangu ni huu: usiiuze kwa kilo. Na usiitundike ukutani kama picha. Ifungue.

Najua mtasema huyu dada amepata hisia za kizee mapema. Subirini kwanza niwaambie kulikuwa na nini kwenye ile stoo.

Ilikuwa Raleigh, nyeusi, ile ndefu ya magurudumu ya inchi 28, yenye chuma cha juu ambacho wanaume hukipitishia mguu kwa nyuma. Breki zake hazina waya, zina fimbo za chuma zinazoshuka kutoka kwenye usukani hadi kwenye rimu. Mbele kuna kibandiko cha shaba chenye kichwa cha ndege korongo, kimesuguka mpaka mdomo wa ndege umepotea. Baiskeli hizi zilitoka Nottingham, Uingereza, kwenye kampuni iliyoanza miaka ya 1880 katika mtaa uitwao Raleigh, ndiyo maana ya jina. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kiwanda hicho kilikuwa kikitoa zaidi ya baiskeli milioni moja kwa mwaka, na nyingi zilipandishwa meli. Ndipo zikafika kwa makarani, walimu, wahubiri na vibarua wa huku kwetu. Kile tunachokiita Black Mamba leo, za kutoka India na China, ni mtoto wa muundo huohuo. Mama amekufa: Nottingham waliacha kuunda fremu mwaka wa 1999 na mwaka wa 2002 wakafunga kiwanda. Hata Atlas, mojawapo ya kampuni kubwa za India zilizotengeneza baiskeli za namna hii, ilifunga kiwanda chake cha mwisho karibu na Delhi tarehe 3 Juni 2020, siku ambayo Umoja wa Mataifa umeitenga kuwa siku ya baiskeli duniani. Mtu akikuambia historia haina utani, mwambie hiyo.

Sasa, jambo la kwanza nililojifunza nilijifunza kwa kitambaa na mafuta ya taa. Nilisugua habu ya gurudumu la nyuma, kile kitovu kinachoshika spoku, maandishi yakaanza kutokea chini ya uchafu: Sturmey-Archer, England, AW, kisha 57 10. Nikatafuta mtandaoni usiku, pale kwenye kona ya shamba ambapo neti inashika. Hiyo namba ni mwaka na mwezi. Oktoba 1957.

Hapo tukawa na kesi nyingine ya ukoo. Kila mtu kwetu anajua, yaani anajua kabisa, kwamba babu alinunua baiskeli mpya mwaka wa 1963 kusherehekea uhuru. Imesemwa kwenye mazishi yake. Imesemwa mbele ya mchungaji. Na habu inasema 1957. Aidha ilikaa dukani miaka sita, au ilikuwa na mtu kabla ya babu. Nyanya alipoulizwa alisema, "Mpya ni mpya kwa mwenye kununua," akaendelea kuchambua maharagwe. Sikuuliza tena.

Kwa nini nawaambia hivi? Kwa sababu shilingi 735 ingenunua na hiyo pia. Mizani haisomi.

Sina vita na watu wa vyuma chakavu. Wanatafuta riziki kama sisi. Mnakumbuka Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara hiyo baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa na nchi kukaa gizani, na miezi michache baadaye ikaruhusiwa tena. Mjadala wote ulikuwa kuhusu mali ya serikali. Hakuna aliyezungumza kuhusu majembe, vyerehani na baiskeli zinazotoka mabomani kwa hiari, mchana, na risiti hakuna. Hivyo hatuibiwi, tunavitoa wenyewe. Na tunavitoa kwa sababu tumeamini havifanyi kazi, ilhali hatujawahi kuvifungua.

Nilifungua.

Karakana yangu ni ileile stoo. Nilitoa magunia ya mahindi, nikaweka meza ya mlango mbovu juu ya mawe, nikafunga waya mbili darini ili baiskeli ining'inie. Vyombo: spana mbili za babu, bisibisi, nyundo, jiwe la kunolea, makopo ya kuwekea gololi. Sikuwa na hela ya dawa za kutoa kutu zinazouzwa kwa wenye magari. Nilitumia mafuta ya taa kwa vilivyoganda, na kwa zile sehemu za kromu nilitumia karatasi ya fedha, hii ya kufunikia chakula, nikaichovya kwenye maji na kusugua. Inafanya kazi kweli. Jaribu uone. Kutu inatoka kama tope jeusi na chuma kinabaki kinang'aa bila mikwaruzo.

Kisha nikaharibu. Pedali za baiskeli hizi zimeshikwa na mikono ya chuma, na kila mkono umebanwa na kipini kidogo kinaitwa kota pini. Nilikipiga nyundo. Nilikipiga tena. Kikapinda kama msumari, kichwa kikabonyea, hakiingii hakitoki. Ilibidi nikabebe gurudumu la mbele, fremu na aibu, nipande matatu hadi Wundanyi, Mwatate, mpaka Voi, baiskeli imefungwa juu ya keria, kondakta ananiuliza kama naipeleka kaburini.

Voi kuna mzee mmoja fundi wa baiskeli, upande wa sokoni, anafanyia kazi chini ya mti. Hataki jina lake liwekwe mtandaoni na nitaheshimu hilo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kuinua macho, akaangalia ile kota pini, akaniuliza, "Mjukuu, ulikuwa unagonga nini, baiskeli au nyoka?"

Akanionyesha. Kabla ya kugonga unaweka kipande cha bomba chini ya ule mkono, bomba lisimame ardhini, ili nguvu ya nyundo iingie kwenye pini na isimezwe na beringi. Unalegeza nati kidogo ikae sawa na ncha ya pini isiharibike. Kisha unapiga mara moja, kama mtu anayemaanisha. Ya upande wa pili ilitoka kwa pigo moja. Ile niliyoiharibu ilibidi itobolewe kwa drili ya jirani yake anayechomea vyuma, na hiyo ilinigharimu shilingi 150 na kejeli.

Siku hiyo nilinunua pia vikombe vipya vya beringi za usukani, kwa sababu vya zamani vilikuwa na mashimo kama uso wenye tetekuwanga. Nikafika navyo kwake, havikuingia. Akaniambia usilazimishe. Raleigh walikuwa na kiburi chao: thredi zao ni 26 kwa inchi moja, wakati wengine wengi duniani wanatumia 24. Ukilazimisha zinaingia mizunguko miwili, halafu thredi zimeharibika milele. Akachukua vile vya zamani, akavigeuza geuza kwenye mwanga, akachagua gololi mpya, akapaka grisi, akaviweka mahali palepale. "Vitakuzika," akasema.

Hakuna kitabu mezani pake. Hakuna cheti ukutani kwa sababu hata ukuta hakuna. Tairi la 28 kwa moja na nusu, ambalo Mzungu mwenye baiskeli kama hii kule Ulaya anaagiza kwa posta na kulisubiri, Voi unalipata dukani pamoja na misumari na kamba. Spoku 32 mbele, 40 nyuma, hesabu ya Kiingereza ya zamani, Black Mamba bado zinaifuata, kwa hivyo spoku nazo zipo. Yaani tunaishi mahali ambapo mashine ya 1957 bado inaweza kutengenezwa kwa vipuri vya mtaani, na tunaipima kwa kilo.

Lakini vipuri vipo kwa kuwa wapo wanaovitumia, na wanaovitumia wanazeeka. Mzee ananiambia kuna siku anashinda hapo bila kupata baiskeli hata moja. Vijana aliowafundisha wote wamehamia pikipiki. Siwalaumu hata kidogo. Boda boda yenyewe ilianza kwa baiskeli, kule Busia mpakani, watu wakivushwa kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Mwaka wa 2008 serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki zisizozidi 250cc, nchi nzima ikageuka. Ajira ikaja, mgonjwa wa Mghange akapata usafiri wa kumshusha hospitali usiku, mwenye kabichi akafikisha mzigo sokoni kabla haujanyauka. Ni nani atapinga hayo? Mimi mwenyewe nikichelewa nachukua boda.

Ninachopinga ni ile dhana kwamba kikija kipya, ujuzi wa cha zamani unakuwa takataka. Kila kaunti ina vyuo vya ufundi, zile tulizokuwa tukiita village polytechnic, na ziko mikononi mwa serikali za kaunti. Ingegharimu nini kumwita mzee kama huyu siku moja kwa wiki, akalipwa kama mwalimu, vijana wakafungua baiskeli kumi na kuzifunga tena? Kabla hujamfundisha mtu injini, mfundishe beringi, thredi, cheni na breki. Vyote viko nje kwenye baiskeli, unaviona kwa macho. Mashine ya aina hiyo imebaki moja tu nyumbani mwetu. Simu yangu ilipopasuka kioo fundi alinirudishia akisema ikifunguliwa haitafungika vizuri. Redio ya nyanya, ikifa, tunanunua nyingine.

Na isisemwe kwamba hakuna mfano. Karibu na Kikuyu, David Kinjah, aliyeiwakilisha Kenya kwenye mbio za baiskeli, amewafungulia vijana nyumba yake miaka mingi chini ya kikundi kinachoitwa Safari Simbaz. Wanajifunza kuendesha na wanajifunza kutengeneza wenyewe. Hapo ndipo Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alipopitia akiwa mtoto kabla ya kwenda kushinda Tour de France mara nne. Sisemi Mghange itazaa Froome. Nasema nyumba ya kawaida yenye spana inaweza kuwa shule.

Turudi stoo. Kuna jambo lilinikalisha chini na bado sijui nilipeleke wapi.

Ile AW iliyoandikwa kwenye habu ni jina la gia. Tatu, zimefichwa zote ndani ya kitovu cha gurudumu. Gia ya pili ni ya kawaida, ya kwanza inapunguza uzito kwa robo, ya tatu inaongeza kwa theluthi moja. Zinaongozwa na waya mwembamba unaoshika kicheni kidogo kinachoingia kwenye ekseli. Sasa, habu hii imeundwa hivi: waya ukikatika, au ukilegea, inaruka yenyewe hadi gia ya tatu na kukaa hapo. Ile nzito. Ya tambarare.

Waya wa babu ulikuwa umekatika. Nikamuuliza nyanya tangu lini. Akasema tangu kabla baba yangu hajazaliwa. Babu alianguka nayo, fundi wa wakati huo akamwambia gia imekufa, dawa yake iko Uingereza. Basi babu akaendelea. Alikuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge kule chini Mwatate. Jumapili jioni anashuka nayo, Jumamosi anapanda. Wasioijua njia hiyo: unatoka kwenye joto la nyika, unapinda na kupinda, Wundanyi, Werugha, baridi inakupokea, na mbele yako Vuria, mita 2,208, mlima mrefu kuliko yote ya Taita. Babu alipanda na baiskeli iliyokwama kwenye gia nzito. Kila mtu anamkumbuka akiisukuma. Tulidhani ndivyo baiskeli za zamani zilivyo.

Kwenye kopo la Kimbo lililokuwa kwenye rafu nilikuta misumari, pini za akiba, na kile kicheni kidogo, kimefungwa kwenye kipande cha gazeti. Alikitunza. Alijua kimetoka wapi, hakuwa na mtu wa kumwonyesha kinarudi vipi.

Nilimpelekea mzee wa Voi. Waya wenyewe wa Raleigh haukupatikana, tukatumia waya wa breki wa baiskeli za kisasa, shilingi 100, tukaufunga mwishoni kwa kile kiungio kidogo cha shaba cha mafundi wa umeme. Ndani ya habu hatukubadilisha kitu. Ina kitundu chenye kifuniko cha kutilia mafuta. Nilitia mafuta ya taa, nikaizungusha, nikamwaga tope, nikatia mafuta ya cherehani. Siku ya pili gia zote tatu zikaitika. Dawa yake haikuwa Uingereza. Ilikuwa shilingi 100 na mtu anayejua.

Naomba usinielewe vibaya: hata gia ya kwanza haikupandishi kutoka Mwatate hadi Mghange ukiwa umekaa. Ungeshuka tu na kusukuma sehemu nyingi. Lakini ukilinganisha gia ya kwanza na ya tatu, kila mkanyago unahitaji nguvu zaidi ya nusu kidogo tu. Hesabu hiyo kwa miaka ya Jumamosi.

Nimetumia miezi minne na shilingi 5,140 kwa jumla. Binamu zangu walitaka nipake rangi nyekundu na kubandika stika. Nilikataa. Rangi ya zamani niliiosha kwa sabuni na kuipaka polishi ya gari, basi. Mahali ambapo mkono wa babu ulikuwa ukishika, nyeusi imeisha na chuma kimelainika, na hapo sikugusa. Hayo ni maoni yangu, kama yako unataka nyekundu paka nyekundu, mradi iende.

Mradi iende, nasema, kwa sababu niliweka picha kwenye blogu na mtu wa hoteli moja ya watalii akanipigia. Shilingi elfu 12. Anataka kuitundika kwenye mapokezi. Elfu 12, na mimi nina deni la elfu 38 ambalo limenizuia kufanya mtihani. Nilimwambia nitafikiri, na kweli nilifikiri, usiku mbili nzima. Siku ya tatu akatuma ujumbe: nitoe cheni na mafuta yote, isichafue wageni, na waya zikatwe kwa sababu zinaning'inia vibaya.

Nilijibu hapana. Angesema elfu 38 ningejibu nini? Sijui, na sitajifanya najua. Njaa ina hoja zake. Ila nakuomba ukiletewa bei kama hiyo uulize kwanza wanataka kukata nini.

Kuna la breki, na hili lichukue kama onyo kutoka kwa mtu anayekutakia mema. Rimu hizi ni chuma chenye kromu. Zikilowa, raba inateleza tu, unabana fimbo mpaka vidole vinauma na baiskeli inaendelea na safari yake. Huku kwetu ukungu na manyunyu havina msimu. Mzee alinibadilishia raba zote nne, akanikataza kabisa kushuka nayo barabara ya Wundanyi kwenda Mwatate. "Babu yako alishuka," nikamwambia alivyokuwa ananikumbusha kila mara. Akajibu, "Babu yako alikuwa anaburuza kiatu." Kwa hivyo ikishuka, inashuka juu ya keria ya matatu. Mimi naiendesha hapa juu, mgongoni mwa kilima, kutoka kwetu hadi dukani na kurudi, na watoto wakinifuata mbio wakipiga kelele kwamba dada amepanda ya wanaume.

Siku ya kwanza nilipita mbele ya nyanya nikiwa gia ya kwanza, nikitarajia angalau makofi. Akaniangalia tu. Nikarudi.

"Hiyo si ya babu yako," akasema. "Ya babu yako ilikuwa inalia. Nilikuwa nikiisikia tangu kwenye kona, naweka maji ya chai."

Nilisimama pale kama mjinga, kisha nikakumbuka nilichosoma. Habu hii gia ya kwanza haina sauti. Ya pili na ya tatu ndizo zinazolia, tik tik tik tik, unapokanyaga. Yeye miaka yote hakuwahi kuisikia ikiwa kimya, kwa sababu haikuwahi kutoka gia ya tatu. Nikazunguka hadi kwenye kona, nikasukuma kichocheo cha gia mpaka mwisho, nikaja nayo nzito, nikikanyaga kwa nguvu zote.

Nyanya alikuwa ameshaingia jikoni. Nilisikia sufuria.

Baba mdogo naye ana Hero yake, imelala nyuma ya choo tangu sijui lini, mti umeota katikati ya spoku. Juzi aliniita pembeni akaniuliza inaweza kuchukua muda gani, na kama nitamtoza kama mgeni. Nimemtoza elfu moja ya kuanzia. Jumamosi nashuka nayo Voi. Kota pini zake nimeshazitoa, zote mbili, nzima.